Trauti Waliosafiri kwa Barafu

Kando ya barabara kuu ya Richardson, kusini-mashariki ya mji wa Fairbanks huko Alaska, kuna mashimo makubwa yaliyojaa maji. Yalichimbwa na wajenzi wa barabara waliokuwa wakitafuta changarawe, na kazi ilipokwisha maji ya ardhini yakayageuza kuwa vijiziwa. Kila majira ya baridi watu hufika hapo na watoto wao, hutoboa barafu, hushusha ndoana yenye uduvi, na kupandisha trauti. Samaki hao hawakuzaliwa humo, wala wasingeweza. Waliletwa na lori la serikali wakiwa vifaranga, na hivyo ndivyo ilivyo katika maelfu ya maziwa madogo ya Marekani na Kanada.

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au pwani ya Mombasa atauliza kwanza samaki wanaishije chini ya paa la barafu. Jibu liko katika tabia ya maji yenyewe. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Yakizidi kupoa huwa mepesi tena, huelea juu, na hapo juu ndipo yanapoganda. Chini hubaki maji yenye uhai. Samaki wengi wa maji baridi huzubaa katika miezi hiyo, lakini trauti huendelea kutembea na kula, mara nyingi akizungukia maji ya kina kifupi karibu na ufuko. Kwa hiyo mvuvi anayemtafuta hahitaji kwenda katikati ya ziwa. Anahitaji barafu ngumu, angavu, yenye unene wa sentimita 10 au zaidi ili imbebe, na subira.

Uvuvi wa juu ya barafu ni wa kale; mgeni ni trauti. Waojibwe wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini walikuwa wakilala kifudifudi juu ya tundu, wamejifunika ngozi au blanketi ili giza liwawezeshe kuona chini kabisa. Mkono mmoja ulishika uzi uliofungwa samaki wa bandia aliyechongwa kwa mti, mkono mwingine ulishika mkuki. Samaki mkubwa alipokuja kumkagua yule wa bandia, mkuki ulishuka. Wachongaji wa Lac du Flambeau, Wisconsin, wamejulikana mno kwa ustadi huo, na kazi zao leo hukusanywa na majumba ya makumbusho. Huko Ulaya, Olaus Magnus, kasisi Mswidi aliyekuwa uhamishoni, alichapisha Roma mwaka 1555 kitabu kikubwa juu ya watu wa kaskazini, na humo alieleza jinsi wavuvi walivyopitisha nyavu chini ya barafu kutoka tundu moja hadi jingine. Wote hao walitafuta kitoweo kilichokuwamo majini tangu zamani. Wazo la kumweka samaki ziwani kwanza, kisha kurudi kumvua, lilihitaji ujuzi mwingine kabisa.

Ujuzi huo ulianzia bakulini. Katika miaka ya 1760, Mjerumani Stephan Ludwig Jacobi alieleza kwa maandishi kwamba mayai ya trauti jike yanaweza kukamuliwa kwa mkono, yakachanganywa na manii ya dume, yakaanguliwa sandukuni penye maji yanayotiririka. Maelezo yake yalikaa muda mrefu bila kutumiwa sana. Katika miaka ya 1840, mvuvi wa kijiji cha La Bresse kwenye milima ya Vosges, Ufaransa, jina lake Joseph Remy, aliona mito yake ikiishiwa trauti, akaenda kuwachunguza usiku wanapotaga. Alifika kulekule alikofika Jacobi. Pamoja na mwenzake Antoine Géhin alianza kurudisha vifaranga mitoni, na sifa zao zikafika Paris. Mwaka 1852 serikali ya Ufaransa ilianzisha kituo kikubwa cha kutotoleshea samaki huko Huningue, Alsace, ambacho kikawa mfano kwa nchi nyingine.

Lililobaki ni namna ya kuyasafirisha mayai hayo, na hapo ndipo barafu ilipoingia katika historia hii, muda mrefu kabla ya mtu kuitoboa kwa ajili ya trauti wa kupandikizwa.

Yai la trauti hukua kwa kadiri ya joto la maji yake. Kwenye nyuzi 10, yai la trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Kwenye maji yanayokaribia kuganda ukuaji hupungua kasi mno. James Youl, mtu wa Tasmania aliyekuwa akiishi Uingereza, alitaka kupeleka mayai ya samoni na trauti upande wa pili wa dunia, safari ya miezi mitatu kwa tanga kupitia joto la tropiki. Majaribio ya mwaka 1860 na 1862 yalishindwa. Akaenda kufanya uchunguzi katika maghala ya kampuni ya barafu ya Wenham Lake mjini London, akiyapanga mayai ndani ya visanduku kati ya tabaka za majani laini ya kinamasi, kisha kuyazika visanduku hivyo kwenye barafu. Januari 1864 meli Norfolk iliondoka na shehena ya mayai ya samoni, na karibu na dakika za mwisho yakaongezwa mayai elfu chache ya trauti kutoka mito ya kusini mwa Uingereza. Mwezi Mei, katika mabwawa ya mto Plenty, Tasmania, trauti wa kwanza wa Nusu ya Kusini ya dunia walianguliwa. Samoni waliogharimiwa fedha nyingi hawakustawi. Trauti, walioongezwa kwa bahati, wakaenea hadi Australia bara na New Zealand.

Marekani ilijifunza haraka. Mwaka 1871 serikali yake ilianzisha Tume ya Samaki chini ya mwanasayansi Spencer Baird, na mwaka uliofuata Livingston Stone alitumwa California kwenye mto McCloud kukusanya mayai ya samoni. Mwaka 1879 kituo cha trauti kiliongezwa. Mto ule ulikuwa wa Wawintu, wenyeji wa hapo. Ndio waliojua majira ya samaki wake, na wanaume na wanawake wao ndio walioajiriwa kukamata, kukamua na kuchagua mayai. Majina yao hayapatikani kwa urahisi katika simulizi za trauti wa upinde wa mvua, ambaye kutoka mito ya California alisambazwa karibu kila bara. Hilo ni pengo la kusikitisha, kwa kuwa bila mikono yao kazi ya Stone isingesonga. Bwawa la Shasta, lililokamilika mwaka 1945, lilizamisha kituo hicho pamoja na sehemu kubwa ya ardhi yao.

Kutoka vituoni, samaki walipanda treni. Jaribio la kwanza la mwaka 1873 liliishia pabaya: daraja la mto Elkhorn huko Nebraska lilivunjika, na behewa la Stone likatumbukia na samaki wote. Hilo halikuwakatisha tamaa. Kuanzia 1881 hadi 1947 Tume na warithi wake waliendesha mabehewa yaliyotengenezwa mahususi, yenye vitanda vya wafanyakazi na safu za madebe ya maziwa yaliyojaa maji na vifaranga. Kazi ya usiku na mchana ilikuwa kupima joto la maji, kutia vipande vya barafu, na kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Treni iliposimama vituo vidogo, watu walikuwa wakingoja na mikokoteni. Wakachukua madebe yao, wakaenda kuyamimina ziwani.

Afrika Mashariki nayo ilipokea mayai ya namna hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti wa Uskochi katika mto Gura, milima ya Aberdare. Meli na reli ziliwafikisha karibu. Njia ya kupanda mlimani ilikuwa ya mabegani na vichwani mwa wapagazi. Baadaye trauti wa upinde wa mvua wakapandikizwa katika mito ya Mlima Kenya na maziwa yake madogo kama Rutundu na Alice, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kikawa mahali pa kutotoleshea vifaranga.

Kwa nini maziwa madogo? Trauti hutaga kwenye changarawe inayopitiwa na maji yanayotiririka, na kijiziwa kisicho na mto hakina mahali hapo. Pia ziwa lenye kina kifupi hukabiliwa na kifo cha majira ya baridi: theluji ikilala nene juu ya barafu, mwanga haupiti, mimea ya chini huacha kutoa oksijeni, na samaki hufa kwa kukosa pumzi wiki kadhaa kabla ya barafu kuyeyuka. Kinachoonekana kuwa kasoro kilikuwa faida kwa wataalamu. Ziwa tupu halina mshindani wa trauti, na idadi ya vifaranga inaamuliwa na aliyewaleta.

Palipokuwa na samaki wasiotakiwa, palisafishwa kwa sumu. Kuanzia miaka ya 1930 idara za uvuvi za Marekani zilitumia rotenoni, dawa inayomzuia samaki kutumia oksijeni mwilini mwake. Wavuvi wa Afrika Mashariki wanaijua nguvu hiyo tangu enzi za mababu, maana sumu ya utupa wanaoutwanga na kuutia mitoni ni ya jamii hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mvuvi wa utupa aliokota samaki walioelea akaenda nao nyumbani, ilhali idara ziliwaacha hao na kuleta wengine.

Fedha zilitoka kwa wavuvi wenyewe. Sheria ya Marekani ya Dingell-Johnson ya mwaka 1950 ilielekeza kodi ya vifaa vya uvuvi irudi majimboni kwa kazi za samaki. Chakula cha punje kavu kikachukua nafasi ya maini yaliyosagwa, gharama zikashuka, na vituo vikatoa trauti wengi kuliko wakati wowote. Jimbo la Utah, ambalo lilikuwa likipandisha madebe milimani kwa farasi, lilianza mwaka 1956 kuwamwaga vifaranga kutoka kwenye ndege. Samaki wa sentimita 3 hadi 7 huteremka pamoja na ukungu wa maji. Kwa kuwa ni wepesi, walio wengi hufika salama.

Vifaa vya juu ya barafu vilibadilika wakati huohuo. Mtaimbo wa kuchongea tundu uliiachia nafasi keekee kubwa ya kuzungushwa kwa mikono, kisha ya petroli, na sasa ya betri. Vifaa vya mawimbi ya sauti vikamwonyesha mvuvi samaki anayepita chini ya miguu yake. Mazoezi yaliyomchukua Mwojibwe utoto mzima, ya kusoma maji kwa macho ndani ya giza, yakawa kazi ya kioo kidogo chenye taa. Wengi wamenufaika, hasa watoto na wazee wasioweza kusimama baridini kutwa nzima. Lakini ujuzi ule wa macho ulikuwa na thamani yake, na unastahili kuhifadhiwa kuliko kuonyeshwa kabatini tu.

Barafu yenyewe inapungua. Katika ziwa Mendota, mjini Madison, Wisconsin, kumbukumbu za kuganda zimewekwa tangu miaka ya 1850, na kipindi cha barafu kimefupika kwa takribani mwezi mzima. Majira ya baridi ya 2001-2002 ziwa hilo liliganda kwa siku 21 tu. Alaska bado ina barafu ya kutosha, na wasiwasi wake ni mwingine: kuwalinda samaki wa asili. Ndiyo maana mengi ya maziwa yake hupewa trauti tasa, waliotokana na mayai yaliyoshtuliwa kwa joto au kwa mgandamizo muda mfupi baada ya kurutubishwa. Samaki huyo hukua na kunenepa, lakini hazai.

Tahadhari hiyo ilifundishwa na uchungu wa milima ya Sierra Nevada, California. Maziwa yake ya juu hayakuwa na samaki tangu barafu ya kale ilipoyachonga, kwa sababu maporomoko yaliwazuia kupanda. Walikuwamo vyura wa miguu ya njano kwa wingi mkubwa. Viluwiluwi vyao huchukua miaka miwili hadi minne kukomaa, kwa hiyo huhitaji maziwa ya kina ambamo maji hayagandi hadi chini, na hayohayo ndiyo trauti anayoyahitaji. Vifaranga walipoletwa, kwanza kwa madebe kisha kwa ndege, walikula viluwiluwi ziwa baada ya ziwa. Baadaye ugonjwa wa kuvu ukawamaliza wengine. Vyura hao walitoweka katika zaidi ya asilimia 90 ya makazi yao, na mwaka 2014 serikali ya Marekani ikawaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hifadhi ya Yosemite iliacha kupandikiza trauti mwaka 1991. Mtafiti Roland Knapp na wenzake walikwenda mbali zaidi: walionyesha kwamba trauti wanaweza kuondolewa kabisa katika ziwa dogo bila sumu. Walitega nyavu na kuziacha majini majira yote ya baridi, zikivua chini ya barafu hadi masika. Palipobaki bila samaki, vyura walirudi ndani ya miaka michache. Mwaka 2016 kundi hilo lilitoa hesabu ya miaka 20 ya uchunguzi ndani ya Yosemite: vyura wa miguu ya njano walikuwa wameongezeka takribani mara saba.