Cucu alikaa kwenye duara kabla ya mjomba

Kama ulisikiliza kipindi kilichopita, unakumbuka nilisema mjomba wangu wa hapa Euless ameanza kwenda kila Ijumaa jioni kwenye kikundi cha kanisani cha watu wanaotaka kuacha pombe. Nilikatiza hapo manake muda ulikuwa umeisha. Kuna sehemu sikuisema. Mama alipopata habari alikasirika, na hakuikasirikia pombe. Alilikasirikia duara. "Watu wazima wanakaa kwenye viti wakisimulia aibu zao mbele ya wageni? Hayo ni ya Wazungu. Sisi mambo ya nyumba hatuyatoi nje."

Nilimwamini. Halafu nikaanza kusoma, na sasa simwamini tena. (Samahani, Mama.)

Mpango anaoufuata mjomba unaitwa Celebrate Recovery. Ulianza mwaka 1991 katika kanisa la Saddleback, kusini mwa California. Mwanzilishi wake, John Baker, alikuwa mlevi aliyeacha pombe kupitia AA, lakini akatamani mahali ambapo angemtaja Yesu kwa jina bila kuangaliwa vibaya. Kanuni zake 8 zimetokana na zile Heri za Mathayo 5. Na hawaendi walevi tu: mwenye kamari yupo, mwenye hasira yupo, aliyeumizwa utotoni yupo.

Sasa rudi nyuma kidogo. AA wanahesabu kuzaliwa kwao kuanzia tarehe 10 Juni 1935, mjini Akron, Ohio, pale Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, walipoanza kusaidiana wasinywe. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, kundi la Mkristo wa Kimarekani, Frank Buchman. Huko walijifunza kumwungamia mwenzako kwa sauti, kwenda kurekebisha ulichoharibu, na kutulia asubuhi mbele za Mungu.

Shika hiyo 1935, tunaenda nyumbani.

Septemba mwaka huohuo, Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, kulifanyika mkutano mkubwa wa Kikristo. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1929 kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka kabisa baada ya njaa kali iliyoipiga nchi ile. Pale Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukawaka Gahini, ukafika Kabale, na mwaka 1937 timu yao ikafika Kabete, karibu na Nairobi. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Ndiyo maana mpaka leo mtu akikataa bia kwenye harusi utasikia, "Ah, huyo ni mlokole."

Sisemi Kabale waliiga Akron. Mwaka 1935 Akron yenyewe ilikuwa watu wachache sebuleni. Lakini angalia walichokuwa wakifanya. Walikutana kila wiki. Waliimba, walisoma Neno, kisha mtu anasimama na kusema alichofanya, akikitaja kwa jina lake. Waliita "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7. Wenzake wakimpokea, wanaimba Tukutendereza Yesu, kwa Kiganda hata kama wao ni Wakikuyu au Wahaya. Baada ya hapo inabaki kazi ngumu: kurudisha. Watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni, walitafuta maadui zao. Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi aliyekuwa mnywaji, aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa akisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ya kama maili 50 kwenda kumwomba msamaha Mzungu aliyekuwa anamchukia. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, akamkimbia Idi Amin mwaka 1977.

Kwa nini pombe iliwagusa sana? Wazee wa zamani walikunywa, tusidanganyane. Muratina ilikuwa na siku zake, mahari na sherehe, na wazee wa kusema "wewe bado" na "wewe imetosha". Mji ukavunja hayo. Miaka ya 1920 halmashauri ya Nairobi ilifungua kilabu chake cha pombe Pumwani, ikawa inawauzia wafanyakazi Waafrika, na faida ikaingia kwenye huduma za mitaa yao. Ati unakunywa, ndiyo mtaa wako upate kuhudumiwa! Mtu yuko mbali na kwao, ana mshahara mfukoni, na hakuna mzee wa kumwambia basi. Niliposoma hapo nikamwona mjomba: zamu ya usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa DFW, chumba cha peke yake, na duka la pombe njiani.

Lakini Mama hakukosea kila kitu. Duara la Walokole halikuwa na mlango. Wengine waliungama uzinzi hadharani, wakawataja waliozini nao, mke akasikia siku moja na kijiji kizima. Wazee walikasirika wakasema maneno yaleyale ya Mama: hawa watu hawana adabu, wanatoa ya nyumbani nje. Kwa hiyo huu ugomvi haukuletwa na Marekani. Tulikuwa nao wenyewe. Na hapa, kusema ukweli, naona kikundi cha mjomba kimefanya vizuri zaidi. Wanaume wanakaa kivyao na wanawake kivyao, na sheria ni kwamba lililosemwa pale linabaki pale. Mjomba hata mimi haniambii.

Nilimpigia Cucu, nyanya yangu, Murang'a, nikamuuliza kama alikuwa kwenye ushirika. Akacheka. "Unadhani babu yako aliacha kunywa vipi?" Kumbe babu alisimama mwaka ambao Mama alikuwa darasa la pili, akasema mbele ya watu kwamba ada ya shule aliinywa. Wiki iliyofuata aliuza mbuzi akalipa. Mama alikuwepo, amekaa kwenye mkeka.

Nilimwambia Mama nimeongea na Cucu. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza kikundi kinaanza saa ngapi. Mjomba alinyang'anywa leseni, na Euless bila gari huendi popote. Ijumaa hii atampeleka yeye. Amesema atangoja kwenye gari.