Injini ya Rota na Hesabu ya Fundi
Mwaka 1967 NSU ya Ujerumani ilitoa Ro 80 na Mazda ya Hiroshima ikatoa Cosmo Sport, zote zikiendeshwa na injini aliyoibuni Felix Wankel. Anayesema injini hiyo ni rahisi kuifumua ana hoja: haina valvu wala kamshafti, ni rota mbili tu juu ya shafti moja. Lakini kufungua si kufufua. Silinda ya pistoni ikilika, fundi huichonga, akaweka pistoni za ovasaizi, na bloku ileile ikarudi barabarani. Ukuta wa chumba cha rota, wenye umbo la nane nono na ngozi nyembamba ya madini magumu, hauvumilii kuchongwa hivyo. Sili za ncha za rota zikiukwaruza sana, fundi hutafuta ukuta mwingine. NSU ilibadilisha injini nyingi kwa dhamana, na gharama hiyo iliiumiza mno.