Dola 8 za mwezi wa kwanza

Wadau, juzi tulibishana bwenini: kampuni ikiuza sana, si ndo tajiri? Mi nasema hapana, na shahidi wangu ni Medtronic. Earl Bakken na shemeji yake, Palmer Hermundslie, waliianzisha 1949 kwenye gereji huko Minneapolis, Marekani. Mwezi wa kwanza waliingiza dola 8 tu!

Mwaka 1957 umeme ukakatika mjini. Mtoto aliyetegemea mashine ya mapigo ya moyo iliyochomekwa ukutani akafariki. Bakken akaunda ndogo ya betri, ya kuvaa. Oda zikaja, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni nusura ifilisike: matumizi yalizidi mapato.

Ndo maana wathamini hawaishii kwenye mauzo. Chukua pesa taslimu iliyotokana na biashara, toa ya mitambo na majengo, kisha gawanya kwa thamani ya hisa zote sokoni. Zikibaki dola 5 kwa kila 100, hiyo asilimia 5. Medtronic ya wakati ule ingetoa hasi.

Hesabu isingedanganya. Ila isingemwona yule mtoto. Nyie mngenunua hisa?