Ugonjwa Ibukizi, si Ugonjwa Mpya

Mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam husoma kwa Kiingereza, kisha humhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Hapo katikati ndipo istilahi mbovu hufanya madhara, na hakuna inayomkera mwandishi wa makala haya kama "ugonjwa mpya" kwa maana ya "emerging disease", iliyopachikwa kwenye maradhi ya aina ya MERS (ugonjwa wa njia ya hewa) kana kwamba yamezaliwa siku yalipogunduliwa.

Juni 2012, mgonjwa mwenye nimonia kali alilazwa Jeddah, Saudi Arabia. Mtaalamu wa virusi kutoka Misri, Ali Mohamed Zaki, alikuta katika makohozi yake kirusi cha korona kisichojulikana, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la MERS-CoV. Kilikuwa kipya? Watafiti walirudi kwenye sampuli za damu ya ngamia zilizohifadhiwa kwa miaka mingi. Za Somalia na Sudan za tangu 1983 zilikuwa na kingamwili dhidi yake. Za Kenya, tangu 1992. Kirusi hiki kilizunguka katika mifugo ya Pembe ya Afrika kwa takriban miaka 30 kabla ya daktari yeyote kukitambua.

Basi hakikuzaliwa 2012. Kiliibuka.

Kitenzi hicho kinatosha kabisa. Mzamiaji huzama, kisha huibuka. Aliyesimama ufukweni hamwoni wakati wote huo, lakini yupo. Ibua na ibuka zimebeba kiambishi kilekile cha kutengua kilichomo katika fungua na funguka, zibua na zibuka: kilichofichwa kimefichuliwa. Zuka haifai, kwa kuwa huzuka hata kisichokuwa na asili, kama uvumi. Na kama chipuka ilivyozaa chipukizi, ibuka huzaa ibukizi bila kuvunja kanuni yoyote. Watumiaji wa kompyuta tayari wana "dirisha ibukizi", wala hakuna aliyelalamika.

Hata hivyo, pendekezo la "ugonjwa ibukizi" lilipofikishwa kwenye jopo moja la istilahi, lilirudishwa na maelezo kwamba hilo ni neno la wavuvi. Mwandishi anayarudia maneno hayo hapa kwa sababu yanastahili kujibiwa. Wavuvi ndio waliotuhifadhia tofauti kati ya kuwapo na kuonekana, tofauti ambayo jopo zima lilishindwa kuiona. Wapo pia wanaoshabikia "ugonjwa chipukizi". Chipukizi ni neno la sifa: msanii chipukizi, mchezaji chipukizi. Tena mche haukuwapo jana. Ni kosa lilelile la "mpya", limevikwa maua.

"Ugonjwa wa mlipuko" nao unahusu wingi wa wagonjwa na kasi ya kuenea. Jeddah alitambuliwa mgonjwa mmoja. Mlipuko ulikuja baadaye kwingine: mwaka 2015 msafiri mmoja alirejea Korea Kusini kutoka Mashariki ya Kati, akapita hospitali kadhaa kabla ya kutambuliwa. Wagonjwa 186 walithibitishwa na 38 wakafariki, wengi wao wakiwa wameambukizwa ndani ya hospitali, mahali ambapo wanafunzi wa udaktari hushinda wodini na kwenye vyumba vya dharura.

Ndiyo maana neno lina uzito. Aliyefundishwa "mpya" atadhani hatari hutoka ng'ambo tu, naye ataulizia safari pekee. Aliyefundishwa "ibukizi" atajua kwamba kirusi kinaweza kuwa tayari kipo karibu, kwa hiyo atamuuliza mfugaji wa Marsabit kama ameshika ngamia au kunywa maziwa mabichi, na hujaji aliyerudi Unguja kama alilazwa au kumtembelea mgonjwa hospitalini katika siku 14 zilizopita. Barakoa ivaliwe kabla ya majibu ya maabara.

Kuhusu matumizi: ibukizi haibadiliki katika ngeli. Ugonjwa ibukizi, magonjwa ibukizi, kirusi ibukizi.