Pete ya Mtelezo

Pete ya mtelezo ni kifaa kinachopitisha umeme kutoka sehemu iliyotulia hadi sehemu inayozunguka, hata mzunguko usipokoma. Pete ya metali huvishwa kwenye mhimili, kisha brashi, ambazo mafundi huziita kaboni, husukumwa na springi ziiguse muda wote. Pete ikizunguka, kaboni huteleza juu yake na mkondo haukatiki. Ndipo lilipotoka jina. Tusiichanganye na komyuteta ya mota. Komyuteta imekatwa vipande ili igeuze mwelekeo wa mkondo, ilhali pete ya mtelezo ni duara zima na huupitisha mkondo kama ulivyo. Altaneta ya gari huwa nazo mbili, zinazopeleka umeme kwenye rota.

Katika mashindano ya FIRST Robotics Competition, yaliyoanza Marekani mwaka 1992, wanafunzi huvutiwa na pete hii wanapounda mnara wa kurushia mipira unaogeuka pande zote huku roboti ikikimbia. Waya wa kawaida ungejisokota hadi ukatike.

Kikwazo ni mkondo. Pete ndogo za bei nafuu, zenye kipenyo cha milimita 22 hivi, kwa kawaida huhimili ampea 2 kwa kila waya. Mota kubwa za roboti hizo hutumia betri ya volti 12, na sakiti breka ya mota moja hufika ampea 40. Waya kadhaa zikiunganishwa sambamba mzigo hugawanyika, lakini pengo hilo ni kubwa mno. Tena mtikisiko na uchafu huyumbisha mguso. Mota huenda isihisi chochote, ila ujumbe wa kihisi ukavurugika.

Ndiyo maana wasanifu wengi huikwepa. Kwa magurudumu yanayogeuka pande zote, mota hufungwa kwenye fremu, na nguvu ikashushwa kwa gia na mhimili unaopita katikati ya kitovu cha kugeukia. Mnara nao huwekewa ukomo, programu ikiurudisha nyuma kabla waya haujakaza.

Pete ya mtelezo hufaa pale mzunguko usiokoma ni lazima na mkondo ni mdogo, mathalani kwenye kihisi cha leza kinachozunguka mfululizo. Kabla hujainunua, soma ampea za kila waya, kisha uzilinganishe na mkondo ambao mota yako huvuta inapokwama, si ule inaovuta ikizunguka bila mzigo.