Yahoo Messenger Ilipofika Mahakamani

Kila ninapowasikia wenzangu wakibishana kama bosi ana haki ya kusoma wanachoandikiana kazini, nawaambia: ubishi huu ulishafika mahakamani, na majaji wenyewe waligawanyika.

Ilikuwa Romania, 2007. Mhandisi wa mauzo aliagizwa na mwajiri afungue akaunti ya Yahoo Messenger ili awajibu wateja. Kuanzia tarehe 5 hadi 13 Julai kampuni ikaifuatilia. Alipoulizwa, akasema anaitumia kwa kazi tu. Wakamtolea kurasa 45 za mazungumzo, yakiwemo ya kaka yake na mchumba wake. Tarehe 1 Agosti akafukuzwa.

Utasema kajitakia, kwani kanuni za ofisi zilikataza mambo binafsi. Mahakama za Romania zilimpa ushindi mwajiri. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ilifanya hivyo Januari 2016. Lakini Septemba 2017 jopo kuu la mahakama hiyo hiyo likageuza hukumu kwa kura 11 dhidi ya 6: mwajiri anaweza kukagua, ila hawezi kuyafuta kabisa maisha ya kijamii ya mtu kazini, na ilipasa kuulizwa kama mfanyakazi alijulishwa mapema.

Mimi niko na wale 11. Kukataza ni jambo moja, kupekua ni jingine. Mwenye nyumba hukuwekea masharti, lakini hafungui barua zako.

Yahoo Messenger ilizimwa 2018. Ubishi haukuzimika, umehamia WhatsApp. Ungekuwa jaji, ndugu msomaji, ungepiga kura upande gani?