Kupe, Papasi na Mayai Yao

Leo tuanzie Ngamiani, hapa Tanga mjini. Siku moja sokoni mama mmoja muuza kuku, mwenyeji wa Handeni, aliniita: "Bwana mifugo, kupe wa ng'ombe na papasi wa nyumbani, si ndugu hao?" Nikamwambia, "Ni ndugu, mama, tena wana ila moja." Hakucheka. Mjukuu wake alikuwa na homa inayopoa siku kadhaa, kisha inarudi.

Ila hiyo imechunguzwa huku huku kwetu. Mwaka 1893, kule Marekani, Smith na Kilborne walionyesha kwamba kupe ndiye anayeeneza ugonjwa wa ng'ombe wa kukojoa damu. Daktari Mjerumani Robert Koch, alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897, akataka kuhakikisha. Alichukua kupe wa ng'ombe wagonjwa, akawaacha watage. Vikupe walioanguliwa wakapelekwa Kwai, milimani Usambara, ambako ugonjwa huo haukuwako, wakawekwa juu ya ng'ombe wazima. Ng'ombe wakaugua. Hebu fikiri, mfugaji: vikupe wale walikuwa hawajaonja damu ya mnyama yeyote! Ugonjwa walizaliwa nao.

Ule wa ng'ombe huletwa na kimelea cha damu. Homa ya papasi, inayoshika watu, huletwa na bakteria. Koch alirudi mwaka 1905 kuichunguza, maana iliwasumbua sana waliolala kwenye kambi za njia za misafara. Papasi hagandi mwilini kama kupe. Hujificha kwenye nyufa na vumbi la sakafu, usiku hutoka, hunyonya upesi, akarudi zake. Koch akatazama mayai yake, na humo akawakuta bakteria waliojipinda kama parafujo. Ni ila ile ile.

Kongo ya mashariki madaktari Dutton na Todd walikuwa katika kazi hiyo hiyo, wakaugua wote wawili. Dutton akafia Kasongo, Februari 1905. Bakteria huyo leo huitwa Borrelia duttonii kwa jina lake.

Ndiyo maana kuhama nyumba hakutoshi. Papasi hukaa na njaa miaka, na watoto wake hurithi.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini bakteria huyu hukaa kwa binadamu na papasi tu. Mwaka 2007 ukatolewa utafiti wa Tanzania ya kati: alionekana pia katika damu ya kuku na nguruwe. Kama wao ndio wanaotuambukiza, hilo ni jambo jingine. Lakini kuku anayelala ndani anamlisha papasi, hilo halina ubishi.

Nikamwuliza yule mama kuku wake hulala wapi. "Uvunguni." Nikamshauri awajengee banda, nyufa za ukuta na sakafu azizibe, na mtoto apimwe damu wakati homa imepanda, maana ikishuka bakteria ni vigumu kuonekana. Homa hii hufanana na malaria, lakini dawa ya malaria haiitibu. Kwa mama mjamzito ni hatari, huweza kutoa mimba.

Mtoto alipimwa, bakteria wakaonekana, akatibiwa, akapona. Kuku sasa wana banda lao. Nilipokutana naye tena mama alinilaumu: papasi wamepungua, lakini vicheche wamemla majogoo wawili. Nikamwambia aongeze komeo na wavu.